MVUMO WA MASIKIO NA DAWA ZA UGONJWA WA SUKARI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya, mtaani Buyenzi, Bujumbura



Wasimamizi wa hafla hii wameniomba niseme nanyi juu ya jambo la afya, nami nimechagua jambo ambalo kwa jina ni dogo, lakini likifahamiwa vibaya madhara yake ni makubwa. Jambo lenyewe ni mvumo wa masikio kwa watu wenye ugonjwa wa sukari. Sababu ya kulichagua ni hii. Wako miongoni mwetu watu ambao, baada ya kuanza kumeza vidonge vya sukari, husikia sikioni mlio kama wa nyenje, au wa nyuki, au wa birika lichemkalo, ilhali hapana nyenje wala birika. Basi husema, "Kidonge hiki kinaniua masikio," wakakitupa. Tena hukitupa kimya kimya, wala hawamwambii tabibu wala watu wa nyumbani. Miezi hupita wakidhani wamesalimika, kwani sukari haipigi kelele; hata siku moja mguu ukafanya kidonda kisichopona, au macho yakaingia kiza, au mafigo yakachoka kufanya kazi yake.

Leo nataka tulipime neno hilo, "kidonge kinaniua masikio," kwa mizani ya haki. Tuone lina ukweli kiasi gani, kisha tuone yampasa nini mtu asikiaye mvumo huo. Mimi si tabibu. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na nitakayoyasema nimeyasoma katika maandishi ya matabibu na kuwauliza wajuao. Sitamwandikia mtu dawa hapa, wala sitamwondolea.

Mvumo wa masikio si maradhi mapya. Waarabu huuita tanini, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuandikia sehemu yake katika kitabu chake cha utabibu kiitwacho Qanuni. Nao si wa watu wachache. Wataalamu waliokusanya hesabu za nchi nyingi walitangaza mwaka 2022 kwamba katika kila watu wazima 100, wapatao 14 wameupata mvumo huu, yaani watu zaidi ya milioni 740 ulimwenguni. Kwa hiyo mzee asikiaye mlio usiku asidhani kuwa yu peke yake, wala kwamba amerukwa na akili. Wala asishike maneno ya wale wasemao kuwa sikio likilia basi kuna mtu anakuteta, au kwamba ameingiwa na shetani. Watu hutujia sisi masheikh watake kusomewa, nasi hatukatai kuwaombea dua, kwani dua ni njema kwa kila mgonjwa. Lakini dua haimkatazi mtu kupimwa damu yake, na anayemzuia mgonjwa asiende hospitali kwa kuwa amemsomea, huyo amemdhulumu.

Na tutazame sikio lilivyoumbwa. Nyuma ya ngoma ya sikio, ndani ya mfupa wa kichwa, kipo kitu kilichojiviringa mfano wa kombe la konokono, mizunguko yake yapata miwili na nusu. Humo zimo chembe hai zenye vinyweleo, yapata 15,000 katika kila sikio, nazo ndizo zipokeazo mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Chembe hizi hulishwa na vijishipa vya damu vilivyo vyembamba mno, na kwa mwanadamu zikifa haziotI tena nyingine. Zipunguapo, habari ziendazo kwenye ubongo hupungua pia, na ubongo huzidisha nguvu ya kutega, mfano wa mtu akuzaye sauti ya redio wakati stesheni iko mbali, akaishia kusikia mikwaruzo mitupu. Mikwaruzo hiyo ndiyo aghalabu tuisikiayo kuwa ni mvumo.

Sasa tuuingize ugonjwa wa sukari. Sisi sote twajua kuwa sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa myembamba. Ndiyo maana huharibu macho, mafigo na nyayo. Je, sikio nalo, ambalo mishipa yake ni myembamba vilevile, litasalimika? Wataalamu wa Marekani waliwapima masikio watu wazima 5,140, na habari zao zikachapishwa mwaka 2008. Katika sauti nzito na za kati, waliopungukiwa na kusikia walikuwa 21 katika kila 100 miongoni mwa wenye sukari, na 9 tu katika kila 100 miongoni mwa wasio nayo. Kupungukiwa na kusikia na kusikia mvumo ni mambo yanayofuatana sana. Basi mshitakiwa wa kwanza katika kesi hii si kidonge, bali ni maradhi yenyewe ambayo kidonge kimetumwa kuyazuia.

Mtu atauliza, "Mbona mvumo ulianza baada ya vidonge, wala haukuanza kabla yake?" Swali hili ni la haki, na jawabu lake ni jepesi. Ugonjwa wa sukari wa watu wazima huweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila ya mwenyewe kujua. Siku apimwapo na kuambiwa, siku hiyo hiyo hupewa vidonge. Kwa hiyo madhara yaliyokuwa yakijijenga chini kwa chini huonekana wakati mmoja na vidonge, na mgonjwa, ambaye sasa ameanza kuusikiliza mwili wake kwa hofu, husikia kila kitu. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini si jogoo alitoaye jua. Kufuatana kwa mambo mawili si ushahidi wa kutosha kwamba moja limelizaa jingine.

Hata hivyo mizani ya haki ina vitanga viwili. Haifai kumtetea mshitakiwa bila ya kumchunguza. Na tuzitazame dawa zenyewe, moja baada ya moja.

Ya kwanza ni insulini. Kabla ya dawa hii, mtoto aliyepatwa na sukari ya utotoni alikuwa akifa, na matabibu hawakuwa na la kumfanyia ila kumnyima chakula ili aishi siku chache zaidi. Mwaka 1921 huko Toronto, nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliitoa insulini katika kongosho la mbwa, na mwezi wa Januari 1922 akadungwa kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa mitupu. Akaishi miaka 13 zaidi. Mtu wa namna hii akiacha insulini kwa sababu yoyote, siku chache zatosha kumwua. Nataka wazazi walisikie neno hili vizuri.

Ya pili ni metformini, ambayo ndiyo imezwayo na wengi. Asili yake ni elimu iliyotokana na mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na tabibu Jean Sterne wa Ufaransa ndiye aliyetangaza matumizi yake kwa wagonjwa wa sukari mwaka 1957. Madhara yake yanayojulikana ni kuharisha, kichefuchefu, kuumwa na tumbo, na ladha ya chuma kinywani, hasa siku za mwanzo. Mvumo wa masikio haumo katika madhara yake ya kawaida, wala haijathibitishwa kwamba huua chembe za sikio. Lakini liko jambo moja la kuangaliwa. Metformini ikitumiwa miaka mingi, na hasa kwa kipimo kikubwa, huweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Mwaka 2022 idara ya dawa ya serikali ya Uingereza iliwakumbusha matabibu kuwa upungufu huu hutokea mara nyingi, nayo ikawataka wampime mgonjwa mwenye dalili zake. Vitamini hii ndiyo ilindayo mishipa ya fahamu na kusaidia kutengeneza damu. Mwenye upungufu wake huchoka, hupauka, hufa ganzi miguuni. Wako wataalamu walioona upungufu huo kwa baadhi ya watu wenye mvumo, ingawa haijathibitika kwamba kuurudisha huondoa mvumo kwa kila mtu. Basi aliyemeza metformini kwa miaka mingi, akasikia mvumo pamoja na ganzi na uchovu, ana haki ya kumwuliza tabibu, "Je, nipimwe B12?" Upungufu ukionekana, dawa yake ipo, wala hapana haja ya kutupa metformini.

Ya tatu ni vidonge vya jamii ya glibenklamidi. Hivi hulihimiza kongosho litoe insulini, na hatari yake, kama ilivyo ya insulini yenyewe, ni kuishusha sukari kupita kiasi. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70 katika desilita moja ya damu, mtu hutokwa na jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, kichwa huzunguka, na wengine husikia masikio yakivuma. Mvumo wa namna hii huja pamoja na dalili hizo na huondoka nazo. Huyu hapaswi kulala akingoja upite. Anywe upesi maji ya sukari, vijiko vitatu au vinne vya chai, kisha ale, kisha amwendee tabibu ili kipimo cha dawa kitazamwe. Ikiwa amekwisha poteza fahamu, asitiwe kitu kinywani kisije kikampalia. Abebwe mara moja hospitalini.

Baada ya kuzitazama dawa za sukari, yatupasa kuwatafuta washitakiwa wengine waliojificha nyuma yao. Mgonjwa wa sukari hamezi dawa moja tu. Ziko dawa ambazo kweli kweli hupiga masikio, wala hapana shaka juu yake.

Katika nchi hizi zetu ya mbele ni kwinini. Mti wake tunaujua, kwani ng'ambo ya Rusizi, katika milima ya Kivu, hulimwa kwa ajili ya magome yake. Tangu zamani matabibu wanajua kuwa anywaye kwinini huvumiwa na masikio, na aghalabu mvumo huo huondoka dawa ikiisha. Lakini kwa mgonjwa wa sukari liko jambo kubwa zaidi: kwinini hulichochea kongosho kutoa insulini, na hivyo huishusha sukari. Mtu amezaye glibenklamidi au adungwaye insulini, akapata malaria, akawa hali chakula kwa homa, akapewa na kwinini, huyo amekusanya mambo matatu yaishushayo sukari kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani limependekeza sindano ya artesuneti badala ya kwinini kwa malaria kali, kwa watu wazima tangu mwaka 2006 na kwa watoto tangu 2011. Lakini pale ambapo artesuneti haipatikani, kwinini bado hutumika. Basi, ndugu yangu, ukipelekwa hospitali kwa malaria, neno la kwanza mwambie mganga: "Mimi nina sukari, na dawa zangu ni hizi." Na asiyeweza kusema kwa homa, wasemewe na watu wake.

Ya pili ni aspirini ikimezwa kwa wingi, kama wafanyavyo watu wenye maumivu ya viungo, wakinunua dukani na kumeza asubuhi na jioni. Kidonge kidogo ambacho tabibu humpa mtu kwa ajili ya moyo ni nadra kuleta mvumo. Asikiache kwa amri yake mwenyewe. Ya tatu ni sindano za streptomisini na jentamisini na nyingine za jamii yake. Hizi huweza kuua chembe za sikio zisirudi, na hatari huzidi kwa mtu ambaye mafigo yake ni dhaifu, nao wenye sukari wengi mafigo yao yamekwisha guswa. Ya nne ni furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, hasa ikipigwa kwa sindano na kwa kipimo kikubwa. Dawa hizi zote huokoa maisha zikitumiwa mahali pake. Sizitaji ili mzikimbie. Nazitaja ili mtu atakapomshitaki metformini, akumbuke pia kile alichokimeza juzi kwa maumivu ya goti.

Wako na washitakiwa wasio dawa kabisa. Nta ikijaa sikioni huleta mvumo, na mwenye mashine za kusaga au vipaza sauti vikali kila siku hupoteza kusikia kidogo kidogo. Uzee nao una sehemu yake. Juu ya nta nina neno la kuwaonya. Mtu mwenye sukari asichokonoe sikio kwa njiti, wala kwa ufunguo, wala asitie mafuta ya moto. Ngozi ya ndani ikichubuka, vidudu huweza kuingia na kula hata mfupa wa kichwa, na maradhi hayo mabaya huwapata hasa wazee wenye sukari. Sikio likiuma sana, hasa usiku, na kutoa usaha, asingoje kesho.

Kwa kuwa mwezi wa Ramadhani hubadili saa za kula na za kumeza dawa, sina budi kuligusa jambo hili. Mwenye sukari atakaye kufunga amwendee tabibu mwezi mmoja au miwili kabla, wapange pamoja. Kuchoma kidole ili kupima damu hakumfunguzi mtu. Na sukari ikishuka chini ya miligramu 70, au ikipanda juu ya 300, afungue, hata ikiwa imebaki nusu saa kuingia magharibi. Sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa, na aliyepewa ruhusa na Mola wake hana sababu ya kuona haya mbele ya jirani.

Sasa, afanye nini mtu asikiaye mvumo? Nitayahesabu mambo matano, nanyi mwende nayo nyumbani.

La kwanza, asiache dawa ya sukari kwa shauri lake, wala la jirani, wala la sheikh.

La pili, mvumo ukija, apime sukari yake saa ile ile ikiwa ana kipimo, na aandike hesabu aliyoiona. Kwa jambo hili pekee atajua kama ni sukari iliyoshuka au siyo.

La tatu, achukue karatasi aandike majina ya dawa zote azimezazo, za hospitali, za dukani na za miti shamba, na siku alipoanza kila moja. Kisha aandike siku mvumo ulipoanza, na kama ni sikio moja au yote mawili. Asiyejua kuandika na aandikiwe na mjukuu wake. Mwenye kupeleka karatasi hiyo pamoja na dawa zenyewe ndani ya mfuko amemfupishia tabibu nusu ya kazi.

La nne, amwombe tabibu atazame sikio, apime na shinikizo la damu, na ikiwa yafaa, B12 na mafigo. Ikiwa dawa moja inashukiwa, tabibu ndiye atakayeipunguza au kuibadili, akiweka nyingine mahali pake, ili sukari isibaki bila ya mlinzi.

La tano, ajue dalili zisizongoja. Kusikia kukipotea ghafula kwa sikio moja, au mvumo ukidunda kama mapigo ya moyo, au ukija pamoja na kizunguzungu kikali, uso kupinda au mkono kulegea, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na ikiwa mvumo utabaki baada ya haya yote, kama ubakivyo kwa wengi, asikate tamaa. Kimya kikubwa cha usiku huuzidisha. Redio yenye sauti ya chini, au feni, au kisomo kisikiwacho kwa mbali, huufunika, na kwa muda ubongo hujifunza kutoujali. Aliyepungukiwa na kusikia hupata nafuu pia kwa kifaa cha kusikilizia.

Nimalize kwa neno kwa nyinyi mlio wazima. Wataalamu walihesabu kuwa mwaka 2022 watu wazima wenye sukari ulimwenguni walizidi milioni 800, na zaidi ya nusu ya wale wenye umri wa miaka 30 na kuendelea hawakuwa wakipata dawa. Wengi wa hao wamo katika nchi kama zetu, ambako dawa ni ghali na njia ya hospitali ni ndefu. Ni huzuni basi kuona mtu aliyebahatika kupata kidonge akakitupa kwa dhana. Muulize baba yako, muulize bibi yako, kwa upole: "Dawa yako bado unaimeza? Je, kuna jambo linalokusumbua ndani yake?" Akijibu kuwa masikio yanalia, usimcheke wala usimkaripie. Kaa naye, andika ile karatasi, na kesho yake fuatana naye.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atupe sote subira ya kuuliza kabla ya kuhukumu. Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.